Nimepuliza mashine ya mapafu, majibu siyaelewi. Msaada wakuu

Pasua Line: Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi, umri 39, sivuti sigara. Juzi nilipanda Kibosho msibani, nikawa nasimama kila kona kutafuta pumzi huku wazee wenye bakora wananipita. Nikaenda hospitali. Unabanwa pua na kibanio, unang'ata bomba la karatasi, unavuta pumzi mpaka mwisho kisha unapuliza, na dada wa mashine anakupigia kelele "puliza, puliza, endelea, endelea!" kama yuko uwanjani. Mimi kila mara kikohozi kilinikatisha. Majibu: FVC lita 3.7, yaani 67%. FEV1 lita 3.0, yaani 69%. Uwiano 0.81. Chini wameandika huenda mapafu yamesinyaa, nirudie kipimo na nipige picha ya kifua. Sasa nina ugonjwa au sina? Nirudie, au wanataka hela tu?

Mbege Moja: 67 kwa kidato cha nne ni B mkuu. Chukua cheti uondoke.

Mama Wawili: Pole kaka. Mama yangu Rombo alikohoa miaka, tukadhani uzee, kumbe ni moshi wa kuni. Jiko lake lilikuwa ndani kwa ndani, dirisha kama la kuchungulia mbuzi. Tulipomjengea jiko la nje wifi yangu akagoma kuchangia, mpaka leo hatusalimiani. Na jiko anapikia yeye!

Mtumishi Mnyenyekevu: Mtoa mada, sigara huvuti, je pombe? Vijana wa Moshi mnajulikana. Mwili ni hekalu.

Pumzi Ndefu: Ngoja nimsaidie, kazi hii naifanya. FVC ni hewa yote uliyoitoa ulipopuliza mpaka mwisho. FEV1 ni ile iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza. Uwiano ni hiyo ya pili kugawa kwa ya kwanza. Mwenye njia za hewa zilizobana, kama wa pumu, mara nyingi uwiano wake unashuka, chini ya 0.70 tunaanza kushtuka. Wako 0.81, kwa hiyo mabomba ya hewa kifuani hayaonyeshi kuziba. Kilichopungua ni ujazo. Hapo kuna mawili: mapafu yamesinyaa kweli, au hukujaza kifua wala kupuliza mpaka mwisho. Tunataka mapulizo matatu safi, na mawili bora yasipishane zaidi ya mililita 150. Kikohozi kinaharibu hesabu hiyo, ndiyo maana wamesema rudia. Kazi yako nini?

Pasua Line: Asante sana mkuu. Kazi ni mihangaiko ya kawaida tu. Kwa hiyo naweza kusubiri mpaka mwakani?

Pumzi Ndefu: Mihangaiko ipi? Mbao? Kiwanda cha kahawa? Kuponda mawe? Hilo ndilo swali la kwanza, si la mwisho.

Pasua Line: Haya. Nilikuwa Mererani kwenye machimbo ya tanzanite, nachoronga, yaani natoboa mwamba kwa mashine. Nilitoka kabla ukuta wa kuzungushia machimbo haujajengwa 2018. Lakini nilikuwa najifunga kitambaa puani, na vumbi si nilishaliacha huko?

Apolo Mstaafu: Kitambaa! Tulikuwa tunatoka shimoni weupe kope mpaka meno, unatema mate yanatoka uji wa mwamba. Kukavu, maji hakuna, bosi anataka mita. Wenzangu wawili wamekwenda kwa kifua.

Pumzi Ndefu: Vumbi la mwamba likishaingia ndani kabisa halirudi. Linaacha makovu, inaitwa silikosisi, na inaweza kuendelea hata baada ya kuacha kazi. Halafu inaikaribisha TB. Sisemi unayo, mashine ya kupuliza haiwezi kusema hivyo. Piga picha, pima makohozi, TB hospitali za serikali ni bure. Kibong'oto kule Siha wamezoea vifua vya wachimbaji.

Pasua Line: Nimeelewa. Shida Januari narudi shimoni. Hela ya kompresa, ile mashine ya upepo ya kuchorongea, nimeshatoa kwa mwenzangu. Ila safari hii nitakuwa juu, nasimamia tu, sishiki mashine.

Apolo Mstaafu: Msimamizi asiyeshuka anaibiwa mawe. Utashuka.

Pasua Line: Ndugu, watoto watatu wanasoma. Kiwanja nimeshauza. Mnataka niuze nyanya?

Pumzi Ndefu: Kabla ya kompresa, angalia juu ya karatasi. Wameandika urefu gani?

Pasua Line: 184.

Kachero wa Sakina: Na hapa ndipo chai inapomwagika 😂 Mwezi uliopita kwenye uzi wa mitumba ya Memorial ulilia kwamba una sentimita 171 na kila suruali unakata. Leo umerefuka? Wakuu, tunapigwa stori. Kesho ataomba mchango.

Mbege Moja: Nilijua. Mchimbaji gani hana hata kajiwe?

Mama Wawili: Jamani, na mimi nilishaanza kumwombea.

Pasua Line: Siombi hata mia. Hawakunipima, waliniuliza tu, nikataja. Nilikuwa na mabuti.

Mbege Moja: Mabuti ya sentimita 13?

Pumzi Ndefu: Awe mkweli awe muongo, Kachero kaokota kitu. Hiyo 67% ni wewe ukilinganishwa na mwanaume wa umri wako mwenye urefu walioandika. Wakiweka 171 asilimia itapanda, maana mtu mfupi hatarajiwi kuwa na hewa ya mrefu. Lita 3.7 zinabaki palepale.

Pasua Line: Basi niko mzima! Januari palepale.

Pumzi Ndefu: Sijasema hivyo. Kupanda Kibosho ulishindwa kwa miguu yako, si kwa karatasi. Rudia ukiwa umevua viatu, na picha ya kifua piga wiki hii.

Kachero wa Sakina: Weka picha ya karatasi, ficha jina. Bila hivyo mimi sinywi.

Apolo Mstaafu: Achana naye. Hiyo kompresa umeiona kwa macho? Shimo liko kitalu gani, B au D?

Pasua Line: Mwenzangu alisema D. Bado hajanipeleka.

Apolo Mstaafu: Njoo PM unitajie jina lake.