Naombeni ushauri: naongoza usomaji wa Biblia kambini, lakini mwenyewe nimeacha kuisoma

Mvuvi wa Kayenze: Wapendwa, Bwana asifiwe. Navua dagaa upande wa Kayenze, na kambini kwetu mimi ndiye ninayewasomea wenzangu Neno kila jioni kabla mitumbwi haijatoka. Nikiwa peke yangu, hata hivyo, siifungui Biblia tena, na nahofia kuitwa nikiwa sijajiandaa. Kazi ya usiku hainipi nafasi. Nifuate utaratibu gani?

Mwalimu wa Nyakato: Ndugu, Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma sura tatu kila siku na tano Jumapili, utaimaliza ndani ya mwaka. Changanya Agano la Kale na Injili, kwa maana wengi huishia Mambo ya Walawi.

Bibi wa Mwaloni: Mjukuu wangu, katika Mathayo 25 wanawali wote kumi walisinzia, wenye busara na wapumbavu, kilichowatenganisha ni mafuta ya akiba kwa taa zao. Nilipokuwa nikiuza dagaa pale Kirumba, nilisoma Zaburi moja kabla ya kufungua magunia, na wateja walizoea kunisubiri. Ninyi mnaoshinda na taa ziwani usiku kucha mngepaswa kulielewa hilo la mafuta kuliko sisi.

Msomaji wa Ilemela: Mniwie radhi, nina shaka na uzi huu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti, na kila mwezi wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu. Nafasi ipo. Ama habari hii imetungwa, ama kuna jambo hujalisema.

Mvuvi wa Kayenze: Shikamoo bibi. Ndugu wa Ilemela, sijatunga, na siku za mbalamwezi ninazo. Mdogo wangu alizama ziwani wakati wa dhoruba. Usomaji wangu ulikuwa umefika Zaburi ya 107, panaposemwa kwamba Mungu huituliza dhoruba na kuwafikisha mabaharia kwenye bandari waliyoitamani. Yeye hakufikishwa. Tangu hapo nimeshindwa kuivuka sura ile. Barua ya kuacha uongozi nimekwisha kuiandika, na naona huo ndio uaminifu, kuliko kuwasomea watu maneno yanayonikwama kooni.

Mwalimu wa Nyakato: Pole sana, ndugu yangu. Soma Matendo 27: merikebu ya Paulo ilivunjika, lakini watu wote 276 walifika pwani salama.

Mzee wa Ukerewe: Mwalimu, kwa heshima, huyu amekwisha kusoma vya kutosha habari za waliookoka. Mwanangu, rudi Zaburi ya 88. Mwandishi wake analia kwamba wapenzi na rafiki wametengwa naye, kisha anamalizia gizani bila neno la faraja, na bado anachosema ni sala. Ndiyo maana nasisitiza kusoma kila siku na kwa mfululizo, kwa kuwa anayechagua mafungu ya furaha peke yake hafiki kwenye ukurasa ule, na siku ya msiba hajui kwamba upo. Barua isubiri kwanza.

Mvuvi wa Kayenze: Shikamoo mzee. Siahidi kuichana barua. Lakini Zaburi hiyo, je, naweza kuisoma mbele ya wenzangu, ambao nao walivua pamoja na marehemu, au ni ya mtu na Mungu wake tu?

Mzee wa Ukerewe: Marahaba. Tazama maneno yaliyo juu yake: ni wimbo wa wana wa Kora, na umeelekezwa kwa mwimbishaji. Uliwekwa uimbwe na watu wengi pamoja. Wasomee.