Naombeni ushauri: bandama ya mwanangu mwenye sikoseli

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 4, ana sikoseli (ugonjwa wa damu wa kurithi, selimundu). Kiwango chake cha damu (hemoglobini) kwa kawaida ni 7 mpaka 8. Wiki mbili zilizopita aliamka amelegea, viganja vimepauka kabisa, hataki hata uji. Nilipompapasa tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, nikakuta kitu kigumu kimefika usawa wa kitovu. Kupimwa, damu 3.9! Daktari akasema bandama imenasa damu, akaongezewa usiku uleule. Ni mara ya pili mwaka huu.

Sasa wanashauri bandama itolewe. Najua hali hii ikirudi inaweza kumuua ndani ya saa chache. Ila bila bandama kinga dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo inapungua, na huku kwetu Kanda ya Ziwa malaria haiishi. Anatumia foliki asidi na penisilini, haidroksiyurea (dawa ya kupunguza makali ya sikoseli) hajaanza.

Ambao watoto wenu walifanyiwa, walikuwa na umri gani? Chanjo mlipata wapi kabla ya upasuaji? Kuna aliyeanza haidroksiyurea kwanza? Baba yake anataka tusubiri afike miaka 5. Mimi kila usiku naamka kumshika tumbo.