Je, neno "mchumba" limebadilika maana, au ni sisi tuliobadilika?

Mdadisi:
Ndugu wasomaji, naomba mnisaidie katika jambo lililozua sintofahamu nyumbani. Mdogo wangu alimleta kijana mmoja akasema, "Shangazi, huyu ni mchumba wangu." Shangazi akaweka kikombe chini, akakaa sawasawa, kisha akauliza posa imeletwa lini na kwa nini yeye hakuarifiwa. Kumbe wawili hao wamefahamiana kwa miezi 3 tu, na habari ya ndoa hawajaigusa. Nani kati yao amelitumia neno vibaya?

Mpenda Kamusi:
Kwa mujibu wa kamusi, shangazi yako yuko sahihi, kwani mchumba ni mtu anayetarajiwa kuoana na mwenzake. Hata hivyo, nisingemlaumu mdogo wako. Neno "mpenzi" lina uwazi unaotia haya mbele ya wakubwa, na "hawara" ni tusi. Hivyo kijana anayetaka kumtaja mwenzake kwa heshima hujikuta amebakiwa na "mchumba" peke yake, na kwa kulitumia kila siku amelipunguzia uzito bila kukusudia. Lugha haijashindwa kuunda maneno, maana "mchepuko" limetokana na kuchepuka, yaani kuiacha njia, na kila mtu analielewa. Ajabu ni kwamba tumepata jina la usaliti upesi kuliko jina la mapenzi machanga.

Msomaji wa Historia:
Jambo hili halikuanza kwetu. Neno la Kiingereza "date", ambalo leo humaanisha pia miadi ya wapenzi, lilitokana na maana ya tarehe, na mwaka 1896 mwandishi George Ade wa gazeti moja la Chicago, Marekani, alimwonyesha karani kijana akimlalamikia msichana kwamba mvulana mwingine anazijaza tarehe zake zote. Kabla ya hapo, kijana wa familia yenye uwezo alimtembelea msichana nyumbani kwao, mama akiwa karibu. Wasichana waliohamia mijini kufanya kazi waliishi katika vyumba vya kupanga visivyo na sebule, kwa hiyo mapenzi yakahamia kwenye kumbi za dansi na za maonyesho, gharama zikamwangukia mwanamume, na macho ya wazazi yakabaki nyuma. Desturi ilitangulia, neno likafuata.

Aliyesubiri:
Nakubaliana nanyi kuhusu historia, lakini maneno haya huumiza watu. Niliitwa mchumba kwa miaka 2, nikakataa posa nyingine, kisha nikaambiwa kwamba neno lile lilikuwa la mapenzi tu. Nchini Uingereza, hadi sheria ya mwaka 1970 ilipoifuta haki hiyo, aliyevunjiwa ahadi ya ndoa aliweza kudai fidia mahakamani. Sitamani tuburuzane mahakamani, ila naona ilikuwa heri wakati ule neno lilipomfunga aliyelitamka. Mdogo wako na amuulize kijana huyo, mapema na kwa upole, anaelewa nini anapoitwa hivyo.

Mdadisi:
Nawashukuru nyote. Nimemsomea mdogo wangu jibu la mwisho. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba swali hilo hajawahi kumuuliza. Shangazi naye amesema kwamba mpaka hapo watakapoelewana, yeye atamwita kijana huyo "mwenzako".