Jirani kaniharibia chuma cha vitumbua, nikidai naitwa mchoyo. Hii tabia ya kuazima kila kitu ikome!

Wanajamvi, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Napika vitumbua na maandazi hapa Mbagala. Ndiyo kazi inayolipa kodi na ada ya watoto, sina nyingine. Mchele naloweka mapema, usiku nasaga na tui, iliki na hamira kidogo, naacha uumuke. Saa kumi alfajiri niko jikoni, maana saa kumi na mbili bodaboda na wanafunzi wameshajaa mlangoni. Anayefanya biashara hii anajua kwamba kila kitu kiko kwenye chuma. Chuma kipya kinanata. Unakichoma kitupu, unakipaka mafuta, unakichoma tena, unapika vitumbua vinachanika mnakula wenyewe nyumbani, mpaka ndani ya vile vishimo kunashika weusi fulani hivi laini. Kikifika hapo, tone la mafuta linatosha, unakigusa kitumbua kwa kijiti kinageuka chenyewe. Chuma cha namna hiyo hakioshwi kwa sabuni. Unakifuta kwa kitambaa, unakipaka mafuta, unakifunika, basi.

Changu kilikuwa kimeshafika huko. Jirani wa chumba cha mbele akaja kukiazima Ijumaa, kwao kuna shughuli. Nikamwambia kwa mdomo wangu, "Shoga, usikioshe, nirudishie hivyo hivyo na uchafu wake." Akaitikia. Kimerudi Jumapili usiku kinang'aa kama sahani ya harusini! Amekisugua kwa stiliwaya na mchanga mpaka weusi wote umetoka, na kishimo kimoja kina mkwaruzo ambao ukipitisha ukucha unanasa. Halafu ananiambia kwa furaha kabisa, "Nimekutakatishia, kilikuwa kichafu hicho."

Jumatatu asubuhi kila nilichomimina kimeganda. Nachokonoa kwa kisu, vinatoka vipande vipande, chini vimeungua, juu vibichi. Watoto wa shule wamesimama na mia mbili zao mkononi, nawaangalia sina cha kuwapa, wakaenda kununua kwa mwingine. Mpaka mchana ndoo ya unga imeshachachuka, nimemwaga. Mchele, nazi na sukari, vyote ni hela yangu.

Na asije mtu akasema nalia kwa jambo la siku moja. Kiberiti, chumvi, kitunguu, hivyo sina neno, ndio ujirani wenyewe. Lakini huyu anaazima maisha yangu yote. Mtungi wa gesi aliuomba "nichemshe maziwa ya mtoto tu", jioni nasikia harufu ya maharage kutoka kwake, na mtungi ukarudi mwepesi, unaunyanyua kwa mkono mmoja. Pasi imerudi na kitambaa kimegandia chini. Beseni limerudi na ufa, anasema alilikuta hivyo. Umeme ni mita moja nyumba nzima tunachanga, zamu yake ikifika ni "nitolee, nitakupa", na hiyo nitakupa haijawahi kuwa na tarehe. Akikopa pesa anasema nitumie elfu kumi na ya kutolea. Kurudisha sasa! Elfu tatu leo, mbili wiki ijayo, ya kutolea hakuna, na kila ukimkumbusha anavuta mdomo utadhani wewe ndiye unayemwomba. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walimjua huyu kabla hajazaliwa.

Msiniambie maisha magumu. Mume ana kazi, king'amuzi kinalipiwa kila mwezi, nasikia tamthilia zao ukutani. Mwenye maisha magumu hapa ni mama mmoja mjane wa chumba cha uani. Huyo akiazima kikombe cha sukari anarudisha kikombe kimejaa mpaka kinafurika, na kabla hajaondoka anauliza, "Mwanangu, hakijapungua?" Yule hata akiniamsha usiku nampa. Kwa hiyo shida siyo umaskini, shida ni kudharau mali ya mwenzio na jasho lake.

Kilichonichoma zaidi ni nyumba nzima kunigeuka. Nilipomwambia anilipe chuma, akakaa kibarazani akalia, na ghafla mimi ndiye najisikia, nina roho mbaya, tangu biashara ichanganye sisalimii watu. Bibi mwenye nyumba akaniita ndani, akanisomea Surat Al-Maaun, kwamba wanaowanyima wenzao vitu vya matumizi wameonywa adhabu. Ni mtu mzima, ni sawa na mama yangu, nikasema "ndiyo bibi" nikanyamaza.

Ila hapa sinyamazi. Mimi sikunyima, mimi nilitoa! Dini hiyo hiyo imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Mtume (S.A.W.) alipokuwa anakwenda vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, aliazima deraya, yale mavazi ya chuma ya vitani, kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo alikuwa hajasilimu. Safwan akauliza, unaninyang'anya? Akajibiwa hapana, ni azima yenye dhamana, yaani kikipotea kinalipwa. Deraya nyingine zilipopotea, Mtume akataka kumlipa. Huyo ni Mtume na mtu ambaye hata si Mwislamu, vitani! Sisi tuko mlango kwa mlango tunashindwa? Na wengi wetu wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafii, ambako ukiazima kitu ukakitumia vile mwenyewe hakuruhusu kikaharibika, unalipa. Nilisema usikioshe. Mbona huo upande hakuna anayemsomea yeye? Haki ya jirani inaishia kwa anayeazima tu, anayeazimwa siyo jirani wa mtu?

Nimeshamwambia mbele ya mumewe na mbele ya bibi, mpaka mwisho wa mwezi chuma kipya kiwe mkononi mwangu, au hela yake. Kazi ya kukichoma mpaka kishike nitaifanya mwenyewe, hiyo simdai ingawa ni kazi kubwa kuliko bei. Samahani yake sina pa kuipikia. Na hadi atakapolipa, mlangoni kwangu haazimi kitu, hata njiti ya kiberiti.

Wapika vitumbua mlioko humu, naombeni msaada. Kile kishimo chenye mkwaruzo, kuna aliyewahi kukipata cha hivyo kikashika tena weusi, au ndiyo nikiache kishimo hicho nisimimine kabisa? Sasa hivi napikia chuma cha kuomba kwa dada mmoja wa mtaa wa pili, kila siku saa mbili asubuhi namrudishia mkononi, kimefutwa na kimepakwa mafuta kama alivyonielekeza.

Na mnaokuja kuandika "hama tu", kodi ya miezi sita nimeshailipa. Sihami kwa ajili ya mtu asiyenunua kiberiti chake.