Naomba ushauri: kamera ya kwanza ya kurekodi miruko ya parachuti

Habari zenu wakuu. Naruka parachuti Diani, na sasa nimevuka miruko 200, kiwango ambacho chama cha waruka parachuti cha Marekani, USPA, kinapendekeza mtu afikie kabla ya kubeba kamera. Nataka sana kuwarekodi wenzangu wakiwa angani.

Nimebaki na mbili: GoPro Hero, au Insta360 inayochukua pande zote. Ya kwanza ni ndogo, na picha yake hutulia hata tukiporomoka kwa kilomita 200 kwa saa. Ya pili inanivutia kwa sababu mwenzangu akipita nyuma yangu bado nitampata wakati wa kuhariri. Ila ile huchomoza juu ya kofia, na hapo ndipo ninaposita. Kamba ikinasa kwenye kamera mwavuli unapofunguka, shingo iko hatarini. Kwangu usalama unatangulia uzuri wa video.

Wenye uzoefu, mnaifunga juu ya kofia au ubavuni? Mkanda wa kidevuni unaofunguka kwa kuvutwa mara moja, mnauona wa lazima hata kwa kamera ndogo? Halafu lenzi: ikiwa pana sana wenzangu wanaonekana kama nukta, ikiwa nyembamba wanatoka nje ya picha. Anayeanza achague upana gani?

Bajeti yangu ni shilingi 60,000 za Kenya, pamoja na kishikizo. Iliyotumika pia sawa, mradi mnielekeze nikague nini kabla ya kulipa.