Tupeane uzoefu: kutembea Kigali siku ya mbio za baiskeli

Msafiri wa Mwanza: Jana nimeona picha za mashindano ya dunia ya Septemba 2025, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, nikakumbuka namna tulivyotembea tangu asubuhi. Tulianza katika nyumba ya makumbusho ya Kandt, kisha tukashuka Biryogo kunywa chai, na mchana ukatukuta Kimihurura, kwenye kilima kile cha barabara ya mawe, tukimshangilia Tadej Pogačar, mwendesha baiskeli wa Slovenia, ambaye alikuwa ameshawaacha wenzake. Waliokuwepo, elezeni mlisimama wapi na mliona nini.

Mkazi wa Nyamirambo: Sisi tuliwasubiri kwenye Ukuta wa Kigali, ule mpando mkali wa mawe, ambako wanaume walioshindana Jumapili walipita mara moja tu katika kilomita zao 267.5. Kelele za pale hazina mfano.

Mfuatiliaji wa Arusha: Kwa heshima zote, ndugu, mgeni aliyesafiri usiku kucha hapaswi kushauriwa asimame mahali pa kuona mara moja. Kimihurura walipita mara 15, na kila mzunguko ulionyesha nani anaishiwa nguvu, hadi wakabaki 30 tu waliomaliza.

Mkazi wa Nyamirambo: Sikumshauri mtu. Nimeeleza nilipokuwa.

Mama wa Bukoba: Mliposema Kimihurura mmenirudisha mbali. Nilikuwa nimemshika mkono mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka minane, tukivuka pamoja na watu wengi kabla njia haijafungwa, na msukumo wa umati ukatutenganisha katikati ya barabara. Nilipogeuka nilimwona amebaki ng'ambo, analia, na wakati huohuo filimbi zikapulizwa, pikipiki za polisi zikatokea na askari akanizuia kwa mkono. Wakaja waliotangulia, likafuata kundi, yakafuata magari ya timu yenye baiskeli juu, na kila gari lililopita lilimficha mtoto machoni pangu, nami nikawa naita jina lake ingawa nilijua hawezi kunisikia. Mama mmoja wa huko alimwinua juu ili nimwone, akanipungia mkono, na hakumweka chini mpaka askari aliponiruhusu kuvuka. Alinisemesha kwa Kiswahili: “Pole dada, mtoto ni wetu sote.” Sikumbuki lolote juu ya mshindi wa siku ile.

Mfuatiliaji wa Arusha: Pole sana, dada. Hata hivyo, watoto wadogo wabaki nyumbani siku kama hizo.

Mwalimu wa Goma: Hapana, kaka. Shule za Kigali zilifungwa wiki ile, na watoto ndio waliojaza vilima. Mwandikie mtoto namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, kisha chagueni upande mmoja wa barabara na msivuke tena.

Mama wa Bukoba: Ahsante, mwalimu. Namba nilikuwa nimemwandikia, na yule mama alikuwa ameshaanza kuibonyeza.

Msafiri wa Kahama: Naomba kuuliza kuhusu Gisozi. Je, inafaa kuzuru kumbukumbu ya mauaji ya kimbari asubuhi na kwenda kushangilia mchana?

Msafiri wa Mwanza: Inawezekana, ukiamka mapema na kupanda pikipiki hadi karibu na njia zilizofungwa.

Mkazi wa Nyamirambo: Mimi sikubaliani kabisa. Pale wamezikwa watu zaidi ya 250,000, wakiwemo wa familia yetu, na mtu anayetazama saa yake kwa kuogopa kuchelewa mbio hajaja kuwaona. Mpeni Gisozi siku yake nzima.

Mwalimu wa Goma: Naunga mkono.

Msafiri wa Kahama: Nimeelewa, nitatenga siku ya pekee. Na kuhusu chai ya Biryogo, ile mitaa iliyofungiwa magari iko mbali na kituo cha mabasi cha Nyabugogo?

Mkazi wa Nyamirambo: Si mbali kwa pikipiki. Vaa kofia utakayopewa, na mpatane nauli kabla ya kuondoka.