Filamu za Percy Jackson zilitunyang'anya miaka tuliyokua naye

Wakuu,

Nafungua uzi huu kwa hasira ambayo haijapoa tangu mwaka 2010, na naomba asije mtu kuniambia kwamba ile ilikuwa filamu tu ya watoto. Waliotengeneza zile filamu mbili za Percy Jackson waliharibu jambo lenyewe lililotufanya tuvipende vitabu vile, na waliliharibu wakiwa wamekwisha kuonywa.

Kwa ambaye hakuvisoma, vitabu vya Rick Riordan katika mfululizo ule wa kwanza ni vitano, na vilitoka kimoja kila mwaka kuanzia 2005 hadi 2009. Cha kwanza kinapoanza Percy, mvulana wa Kimarekani ambaye baba yake ni Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale, ana miaka 12, na cha tano kinakwisha akiwa ametimiza 16. Kwa hiyo mtoto aliyeanza kusoma akiwa rika lake alifika mwisho wakiwa bado rika moja, na mimi ni mmoja wa watoto hao. Bwenini kwetu nakala moja ilipita mikono mingi hadi jalada likang'oka. Wala umri ule haukuwa pambo, kwa sababu hadithi yote inategemea utabiri kwamba mtoto wa mmoja wa miungu watatu wakubwa, yaani Zeus, Poseidon au Hades, akifikisha miaka 16 atafanya uamuzi wa kuiokoa Olympus, makao ya miungu hao, au kuiangamiza. Ndiyo sababu kila ilipokaribia siku yake ya kuzaliwa, tarehe 18 Agosti, sisi wasomaji tulishikwa na hofu.

Filamu ya kwanza, ya 2010, ikaja na kijana wa sekondari anayeendesha gari!

Hebu kumbukeni safari ya kitabu cha kwanza, ya kutafuta radi ya Zeus iliyoibwa. Watoto watatu, Percy na wenzake wawili, wasio na leseni wala fedha wanavuka Marekani kwa basi na treni, kisha wanajificha ndani ya lori linalosafirisha wanyama kwa mateso, humo mna simba aliyewekewa mboga na punda milia aliyewekewa nyama. Percy, ambaye mwenyewe hana hakika ya chakula cha kesho, anawabadilishia chakula chao. Ukurasa ule unatosha kukuonyesha moyo wa mtoto yule, na unawezekana tu kwa kuwa yeye ni mtoto na hana njia nyingine ya kusafiri. Katika filamu safari yenyewe imegeuzwa kuwa msako wa lulu tatu za Persephone, mke wa Hades. Clarisse, hasimu wa Percy kambini, hayumo, na Ares, mungu wa vita, ambaye pambano lake na Percy ufukweni ndilo kilele cha kitabu, amepokonywa nafasi yake.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mwongozaji wa filamu hiyo ya kwanza, Chris Columbus, ndiye aliyeongoza filamu mbili za kwanza za Harry Potter, ambako watoto waliigizwa na watoto, na dunia nzima ikawatazama wakikua. Hawezi mtu kusema kwamba njia ile haikujulikana. Riordan mwenyewe aliwaandikia watayarishaji mwaka 2009 kuwatahadharisha kwamba kuwaongezea wahusika umri kungewatenga wasomaji wake na kuua uwezekano wa kuendeleza mfululizo, na barua hizo aliziweka hadharani mwaka 2018. Hawakumsikiliza. Filamu ya pili ilipotoka mwaka 2013 walilazimika kuubadili utabiri wenyewe, 16 ikawa 20, halafu wakamfufua Kronos, baba wa Zeus na adui mkuu wa mfululizo, na kummaliza papo hapo, ilhali vitabu vilimwandalia ujio wake hadi cha nne na kummaliza katika cha tano. Baada ya hapo haikutoka ya tatu.

Wapo watakaosema tamthilia ya televisheni ya Percy Jackson iliyoanza Desemba 2023 imefuta makosa hayo. Nakubali kwamba ilianza vizuri, kwa kuwa Walker Scobell, anayemwigiza Percy, alikuwa na miaka 13 walipoanza kurekodi mwaka 2022. Lakini msimu wa pili umekuja Desemba 2025, miaka miwili baadaye, ilhali katika hadithi umepita mwaka mmoja tu. Waigizaji wanakua haraka kuliko wahusika wao, nasi tunarudishwa kulekule. Watayarishaji warekodi misimu iliyobaki mfululizo, bila kusubiri watazamaji wa msimu mmoja wahesabiwe kwanza, ili mtoto anayeanza leo akiwa na miaka 12 amkute Percy rika lake hadi mwisho.